Mgeni, Jembe na Shukrani: Uhakiki wa Tawasifu ya Mwalimu wa Kujitolea Katika Milima ya Bhutan

Utangulizi

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Aghalabu methali hii hutajwa kwa nia ya kumkanya mgeni mvivu. Hata hivyo, tukiichunguza kwa makini tutaona kwamba imebeba nadharia nzima ya ugeni. Mgeni hawi mtu wa mahali kwa kupaona, wala kwa kupapenda. Huanza kuwa mtu wa mahali pale anaposhika kazi ya mahali. Aidha, methali haisemi lolote juu ya siku ambayo mgeni huyo atarejea kwao na kuanza kuwasimulia jamaa zake habari za wenyeji waliompa jembe. Hapo methali inanyamaza, na hapo ndipo kazi ya mhakiki inapoanza.

Makala haya yanakusudia kuhakiki Beyond the Sky and the Earth: A Journey into Bhutan, tawasifu ya Jamie Zeppa, mwandishi wa Kanada, iliyochapishwa mwaka 1999. Zeppa alikwenda Bhutan mwaka 1989, akiwa kijana wa miaka ishirini na ushei, kama mwalimu wa kujitolea chini ya shirika la World University Service of Canada. Alifundisha kwanza watoto wadogo huko Pema Gatshel, mashariki mwa nchi hiyo, kisha akahamishiwa Chuo cha Sherubtse, Kanglung, alikofundisha fasihi ya Kiingereza. Alijifunza lugha ya wenyeji, akaingia dini ya Budha, akaolewa na kuzaa huko, na baada ya miaka kadhaa akarejea Kanada.

Huenda msomaji akauliza: kitabu cha Kiingereza kuhusu nchi ya Himalaya kina uhusiano gani na wahakiki wa Afrika Mashariki? Jibu letu ni kwamba mwalimu wa kujitolea ni mhusika tumjuaye vizuri. Peace Corps ya Marekani ilipoanzishwa mwaka 1961, Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kabisa kupokea watu wake. Mashirika ya Uingereza na Kanada nayo yaliwaleta wengine. Shule nyingi za Kenya, hasa za mashambani, zilipata walimu wake wa hisabati na sayansi kwa njia hiyo. Mwandishi wa makala haya ni mmoja wa waliofundishwa hivyo. Mwalimu wetu alitupiga picha nyingi, akaandika kila jioni katika daftari lake, kisha akaenda zake. Hatukupata kujua aliandika nini. Kwa hiyo tunapokisoma kitabu cha Zeppa tunakisoma tukiwa upande wa madawati, na huo ni mkabala ambao wahakiki wa Magharibi hawana.

Mahali pa msimulizi

Kitabu kimesimuliwa kwa nafsi ya kwanza, na sehemu zake za mwanzo zimejaa hofu. Msimulizi anaogopa magonjwa, panya, njia za milimani na upweke. Amemwacha mchumba Kanada, naye hana hakika kwamba hakukosea. Mbinu hii ya kujidhihaki ni ya kawaida katika tawasifu za wasafiri, na ina kazi mbili. Kwanza, inamtoa msimulizi katika kiti cha mjuzi na kumweka katika nafasi ya mwanafunzi, kwani wanafunzi wake wadogo ndio wanaomfundisha kuishi. Watoto wanafika mlangoni kwake na mboga, wanamwonyesha la kufanya, wanamcheka. Jembe la methali yetu hapa ni chaki, lakini anayeonyeshwa namna ya kulima ni mwalimu. Pili, na hili halionekani upesi, kujidhihaki huko kunamkinga msimulizi dhidi ya msomaji. Ni vigumu kumshutumu mtu aliyekwisha kujishutumu mwenyewe.

Inafaa tumlinganishe na msafiri wa lugha yetu. Katika Safari za Wasuaheli, mkusanyo uliotolewa na Carl Velten mwaka 1901, mna masimulizi ya Salim bin Abakari, Mngazija aliyefuatana na Mjerumani mwaka 1896 hadi Urusi na Siberia, akafika milima ya Altai. Salim naye anaona baridi, mavazi, vyakula na makazi asiyoyajua, na kuwaelezea watu wa kwao. Tofauti ni kwamba Salim alisafiri akiwa mtumishi. Hakuchagua njia, wala hakwenda kutafuta maana ya maisha yake. Zeppa alichagua kwenda, na angeweza kurudi wakati wowote. Uhuru huo wa kurudi ndio unaoupa umaskini wa mwalimu wa kujitolea ladha ya pekee: ni umaskini wenye mlango. Mzazi wa mwanafunzi wake hana mlango huo. Kwa sifa yake, Zeppa analitambua jambo hili, lakini muundo wa kitabu hauwezi kuliondoa, kwa sababu kitabu chenyewe kimeandikwa kwa kuwa mlango ulikuwapo.

Mlima na mwendo

Bhutan ni nchi ndogo yenye eneo la takribani kilomita za mraba 38,000, na karibu yote ni milima na mabonde. Barabara ya kwanza ya magari kutoka mpaka wa India hadi Thimphu ilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Watalii walianza kupokelewa mwaka 1974. Hadi Zeppa anafika, safari ya kutoka Thimphu hadi mashariki ilikuwa ya siku kadhaa kwa gari, na vijiji vingi havikufikiwa ila kwa miguu. Mazingira haya yameathiri fani ya kitabu kuliko wahakiki wengi wanavyokiri.

Katika maandishi mengi ya Ulaya kuhusu milima, mlima ni kilele, na kilele ni cha kushindwa. Usimulizi wake hupanda, hufika juu, hushuka. Sisi tunaukumbuka muundo huo: mwaka 1899 Halford Mackinder alipanda Mlima Kenya na akahesabiwa kuwa mtu wa kwanza kufika kileleni, ilhali wenyeji waliouita Kirinyaga walikuwa wakiuelekea kwa sala karne nyingi bila haja ya kuukanyaga kichwa. Bhutan ina msimamo unaokaribiana na huo. Gangkhar Puensum, wenye urefu wa mita 7,570, haujapata kupandwa hadi kilele; mwaka 1994 serikali ilipiga marufuku kupanda milima inayozidi mita 6,000, na mwaka 2003 ikapiga marufuku upandaji wote wa aina hiyo, kwa kuheshimu imani za wenyeji.

Zeppa hapandi vilele. Anatembea. Anakwenda kwa miguu kuona marafiki, kufika hekaluni, kuona kilichoko nyuma ya ukingo wa bonde. Kutokana na hilo, usimulizi wake haupandi kuelekea kilele kimoja; unazunguka, unashuka, unarudi pale pale kwa njia nyingine. Umbali haupimwi kwa kilomita bali kwa saa na kwa pumzi. Hapa fani na maudhui vimeshikana vema. Mwendo wa polepole wa miguu ndio unaomfundisha msimulizi kwamba nchi hii haionekani yote kutoka mahali pamoja. Kila akidhani ameiona, ukingo mwingine unajitokeza. Msomaji aliyezoea kukamilishiwa visa anaweza kuchoshwa. Sisi tunaona kwamba huo ndio ukweli wa kitabu ulio imara zaidi. Mtalii wa matembezi ya milimani hupita bondeni mara moja akiwa na wabeba mizigo. Mwalimu hupita bonde lile lile mara hamsini, akiwa na mzigo wake mwenyewe, katika mvua na katika ukungu, na mara ya hamsini haandiki tena juu ya mandhari. Anaandika juu ya watu wakaao humo.

Darasa na lugha

Zeppa anafundisha Kiingereza, na Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia katika shule za Bhutan tangu miaka ya 1960, ingawa lugha ya taifa ni Dzongkha na watu wa mashariki husema Sharchhop. Msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa mengi. Bhutan haikupata kutawaliwa na Waingereza kama sisi tulivyotawaliwa, lakini ilichukua lugha yao kwa hiari yake ili ipate walimu na vitabu. Jambo hili linatatiza dhana yetu kwamba Kiingereza darasani ni urithi wa ukoloni tu.

Suala linakuwa zito zaidi Sherubtse. Asili ya chuo hicho ni shule iliyoanzishwa mwaka 1968 kwa juhudi za William Mackey, kasisi Mjesuiti kutoka Kanada. Kilipopanda hadhi kikafuata mitaala ya Chuo Kikuu cha Delhi, mpaka Bhutan ilipoanzisha chuo kikuu chake mwaka 2003. Kwa hiyo Zeppa alikuwa Mkanada akifundisha fasihi ya Uingereza, kwa silabasi ya India, kwa wanafunzi wa Kibudha na wa Kihindu milimani Himalaya. Mwaka ule ule wa 1968, hapa Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walidai kwamba Idara ya Kiingereza ivunjwe na fasihi ya Afrika iwekwe katikati. Swali lao lilikuwa: kwa nini tuanze kwa Waingereza? Zeppa halifikishi swali hilo mahali hapo. Anaona kinaya, anakistaajabia, na anafurahi wanafunzi wanapolisoma tini la kigeni kwa imani zao wenyewe. Furaha hiyo ni ya kweli, lakini ni furaha ya mwalimu. Hatuambiwi vya kutosha kuhusu kile ambacho wanafunzi hao wangalisoma kama silabasi ingekuwa mikononi mwao.

Hata hivyo, tusimnyime haki yake. Zeppa anajifunza kusema na majirani zake, na lugha hiyo inaingia katika maandishi yake si kama pambo bali kama kipimo cha ujinga wake mwenyewe. Anapotatizwa na adhabu ya viboko shuleni, haandiki hotuba. Anaonyesha mwalimu kijana asiyejua kama kunyamaza kwake ni heshima kwa wenyeji au ni woga. Sisi ambao viboko vilipigwa marufuku katika shule zetu mwaka 2001, na ambao tunajua jinsi marufuku hiyo inavyovunjwa, tutaona kwamba kutojua huko ni uaminifu.

Shukrani na ushahidi

Tunafikia sasa kiini cha hoja yetu. Jina la kitabu limetokana na usemi wa Kibhutan wa kutoa shukrani: asante ipitayo mbingu na ardhi. Kwa maneno mengine, kitabu chote ni asante. Mgeni amepewa chakula, makao, lugha, dini, mume na mtoto. Naye anarudisha kitabu. Katika utamaduni wetu tunajua uzito wa fadhila. Aliyekula chumvi ya mtu haendi kuitangaza aibu ya nyumba ile. Lakini itakuwaje iwapo ndani ya nyumba hiyo mna chumba ambamo wengine wanafukuzwa?

Swali hili si la kubuni. Sheria ya uraia ya Bhutan ya mwaka 1985 iliwataka watu wathibitishe kwamba walikuwa wakazi wa nchi mwaka 1958, na sensa ya mwaka 1988 ikaanza kuitekeleza kwa ukali katika wilaya za kusini, walikoishi watu wa asili ya Nepal waitwao Lhotshampa. Mwaka 1989, mwaka ule ule alioingia Zeppa, vazi na adabu za kaskazini zilifanywa lazima kwa wote, na lugha ya Kinepali ikaondolewa shuleni. Mwaka 1990 kulikuwa na maandamano kusini, kisha kamatakamata, na katika miaka iliyofuata zaidi ya watu 100,000 wakajikuta katika kambi za wakimbizi mashariki mwa Nepal. Kuanzia miaka ya 2007 na 2008 wengi wao walipelekwa kuishi nchi nyingine, hasa Marekani.

Zeppa alikuwa Sherubtse wakati mambo hayo yakitokea, na wanafunzi wa kaskazini na wa kusini walikaa darasani mwake pamoja. Hakuyaficha. Anasimulia jinsi mgawanyiko ulivyoingia chuoni, jinsi mazungumzo yalivyogeuka kuwa minong'ono, na jinsi yeye mwenyewe alivyovutwa na pande mbili: upande wa wanafunzi wake wa kusini, na upande wa hofu ya nchi ndogo iliyoiona Sikkim, jirani yake, ikiunganishwa na India mwaka 1975. Kurasa hizi ndizo nzito kuliko zote, na ndizo zinazokiokoa kitabu kisiwe wimbo wa sifa.

Lakini tukitazama muundo, tunaona jambo la kutafakari. Mgogoro wa kusini unapoingia, unaingia kama tatizo la dhamiri ya msimulizi. Swali linalotawala ni: mimi nisimame wapi? Swali la mwanafunzi wa kusini lilikuwa jingine kabisa: mimi nitaishi wapi? Kisha usimulizi unahamia katika mapenzi ya msimulizi na mwanafunzi wa chuo hicho, na mapenzi yanachukua nafasi iliyokuwa ya siasa. Mtoto anazaliwa, mtu wa kusini hatuonani naye tena. Hatudai kwamba Zeppa alidhamiria hivyo. Tunachodai ni kwamba tawasifu iliyojengwa juu ya shukrani ina mvuto wake wenyewe, nao huivuta kalamu kuelekea kwa waliotoa, na kuiondoa kwa walionyang'anywa.

Hapo pia panatokea suala la mamlaka. Mapenzi ya mwalimu na mwanafunzi yanaelezwa kama jaribio la moyo na la imani. Wahakiki tuliofundisha katika vyuo vikuu hatuwezi kuyasoma bila kuuliza nani ana uwezo wa kukataa. Msimulizi anaona hatari iliyomkabili yeye na mpenzi wake; uwezo wake mwenyewe, kama mwalimu na kama mtu mwenye mlango, hauchunguzwi kwa ukali ule ule.

Hapana budi tukumbuke Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotolewa mwaka 1951, nayo ni habari ya nchi iliyo angani. Katika hadithi ile wajumbe wanatumwa pande sita kutafuta elimu ya kuifaa nchi yao, na wanaporejea wanatupwa gerezani. Karama anasimama barazani kuwatetea. Safari ya Zeppa ni kinyume cha hiyo: anakwenda nchi ya angani, anarejea kwao na sifa zake, na hakuna amfungaye, badala yake anasomwa na kupongezwa. Tofauti hii inatuonyesha kipimo cha ushahidi. Mjumbe wa Kusadikika aliwaletea watu wake habari iliyowataka wabadilike, na akailipia. Habari za mgeni kutoka milimani zinawataka watu wa kwao watamani tu. Bhutan tayari ilikuwa imegeuzwa kuwa ndoto katika fikra za Magharibi, tangu James Hilton alipobuni Shangri-La yake mwaka 1933. Zeppa anapambana na ndoto hiyo, na mara nyingi anaishinda. Lakini kila anapomaliza kupambana nayo, jina la kitabu chake linairejesha.

Hitimisho

Makala haya hayakukusudia kumhukumu mwalimu aliyefanya kazi yake kwa moyo. Tumeonyesha kwamba nguvu ya kitabu imo katika mwendo wake wa miguu: subira, marudio, na kukubali kutojua. Tumeonyesha pia kwamba udhaifu wake umo katika kile kile kinachokifanya kipendwe, yaani shukrani. Asante ni neno la watu wawili. Ushahidi huhitaji wa tatu, yule ambaye hakuwapo mezani chakula kilipopakuliwa.

Kwa wanafunzi wetu wa uzamili kuna somo hapa, na kuna kazi. Somo ni kwamba tusikisome kitabu cha mgeni kwa kuhesabu makosa yake tu, wala tusikisome kwa kufurahia sifa alizotupa. Tuulize shukrani yake imemfumba macho wapi. Kazi ni nzito zaidi. Walimu wa kujitolea waliopita katika shule zetu waliandika vitabu, barua na daftari. Sisi tuliokaa madawatini hatujaandika kuwahusu ipasavyo. Mgeni tulimpa jembe, akalima, akaenda na habari za shamba. Habari za mkulima huyo, kwa lugha yetu, bado zinatudai.